Nyangumi Hana Mama Mkwe

Ruwais, Jidda
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Mwanamize,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Da Mize, namwomba Mungu barua hii ikukute umeamka salama, na kichefuchefu cha asubuhi kimekuachia nafasi ya kunywa japo chai ya tangawizi. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini akifika juu husema ngazi ndizo zilizozeeka, si yeye. Mama ni mzima wa afya na angekusalimu kwa urefu kama angejua nakuandikia. Mimi mwili wangu ni mzima. Yaliyobaki nitakueleza humu humu.

Kabla ya yote nina ombi. Barua hii nitampa Abdalla dereva pamoja na hotipoti la Mama, lile la maua mekundu, na nimeshamsihi akukabidhi kabla hajagusa hata begi lako moja. Alinicheka. Aliniuliza tangu lini watu wenye simu wakaandikiana barua, akasema bila shaka nimeposwa na naona haya kulitamka jina la mchumba. Lakini ameahidi kusubiri chini, gari imezimwa, mpaka umalize. Nakuomba ukae kitako. Usisome umesimama mlangoni na abaya mwilini. Ukishamaliza, kupanda gari au kutopanda ni juu yako, wala mimi sina ruhusa ya kukuamulia. Ninachotaka ni kwamba usipande kwa sababu isiyokuwa ya kweli.

Huku unangojewa kwa maandalizi makubwa. Tangu ulipopiga simu ukasema una mimba, na kwamba Ziyad ameitoa siri kwa mama yake na huwezi kulala tena nyumba moja naye, Mama hajakaa. Amefua mapazia ya chumba chetu cha zamani na amenihamishia vitabu vyangu chini ya kitanda. Kila anapopita na ndoo humtaja Ziyad. Husema mwanamume asiyejua kufunga kinywa hugeuza nyumba yake soko, na kwamba alimwona tangu siku ya harusi, alivyokuwa akicheka na kila mtu. Baba humjibu kwamba siku ya harusi watu hucheka. Basi hapo Mama humgeukia yeye.

Kinachomtia hofu Mama ni safari. Anajua daktari wako amekutaka utulie mpaka miezi ya mwanzo ipite, na anajua kutoka Riyadh mpaka huku ni kutwa nzima ya jangwa. Amemkabidhi Abdalla mito miwili ya kukuegemeza mgongo, akamwapisha asikimbize gari na asiwashe redio. Abdalla akamwambia, Bi mkubwa, bora uniambie nimbebe mgongoni. Mama hakucheka. Mimi ndiye niliyeishika ile mito wakati Mama akiivisha foronya safi, na hapo ndipo nilipoona kwamba siwezi tena.

Unanijua nilivyo. Jambo likinishinda kulisema huanza na la kitabuni. Nivumilie kidogo nikueleze habari za wale nyangumi wangu, maana ndimo yalimoanzia haya, na wewe uliwahi kuzisikiliza habari zao kuliko mtu yeyote.

Abla Hana, mwalimu wetu wa biolojia, alipotutaka tuchague mada za mashindano ya sayansi, wenzangu waliwahi roboti na umeme wa jua. Mimi nilichelewa kunyanyua mkono kama kawaida yangu, mada zikaisha. Akaniambia kwa kuwa nakaa Ruwais nichukue kiumbe chochote cha baharini. Nilimchukua nyangumi kwa sababu sijawahi kumwona. Sioni haya mbele ya kitu kisichonitazama.

Nilisoma kwamba nyangumi wa nundu wengi wana maisha mawili. Hula kwenye bahari za baridi mpaka wakanenepa, kisha husafiri miezi kwenda kuzaa kwenye maji ya joto, na huko karibu hawali kitu. Lakini wapo walio upande wa Omani ambao hawaendi popote. Hula pale pale, huimbiana pale pale, na huzaa pale pale. Wataalamu wanakisia hawafiki hata mia. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Babu, aliyekuja huku baada ya mapinduzi ya sitini na nne akisema atakaa miaka miwili mambo yatulie.

Kwa kuwa hawahami, riziki yao yote imo katika bahari moja. Upepo wa kusi unapovuma huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya baridi ya chini hupanda na rutuba yake. Hapo huzaliwa vijimea visivyoonekana kwa macho, uduvi wakavila, dagaa wakajaa, na nyangumi akafungua mdomo. Bahari ikipata joto kupita kiasi, maji ya juu hukaa kama kifuniko cha sufuria. Ya chini hayapandi inavyotakiwa, na uduvi na dagaa hupungua au huhamia mbali.

Sasa mama nyangumi hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha hunyonyesha miezi mingi kwa maziwa mazito. Yote hayo hutoka kwenye mafuta aliyoyaweka mwilini kabla. Kama hakupata ya kutosha, huenda mimba isishike, au ikashika ikatoka, au mtoto akazaliwa dhaifu. Hakuna anachoamua yeye. Mwili wake hupima wenyewe. Bahari ya Pasifiki ilipopatwa na joto kali kwa miaka kadhaa, mama wenye watoto waliokuwa wakionekana Hawaii walipungua sana, na watu waliokwenda kuwahesabu walirudi na madaftari karibu matupu.

Lililonisumbua kuliko yote ni kwamba njaa na upungufu wa watoto havitokei pamoja. Njaa huwa mwaka huu, na watoto hukosekana mwaka unaofuata au hata ule wa baada yake. Mtu akienda baharini wakati huo atakuta maji yamepoa na dagaa wamejaa, na mama hana mtoto. Basi atalaumu kile anachokiona karibu, meli iliyopita au kelele za mashine. Si kwamba meli hazidhuru, na nyavu zinawaua kweli. Lakini kilichomkosesha mtoto kilishapita wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Abla Hana alinifundisha kuchora mistari miwili kwenye karatasi mbili za plastiki, mmoja wa chakula na mmoja wa watoto. Ukiziweka moja juu ya nyingine mistari haikubaliani hata kidogo. Ukiisogeza moja mbele kidogo, mistari hulaliana kama nyusi za mtu mmoja.

Nilikuja nazo kwako Riyadh karatasi hizo, zimechakaa kwa vidole vyangu. Unakumbuka nilivyofika, jioni ya kabla ya mashindano. Bi Thuwaiba, mkweo, alikuwa sebuleni na tasbihi yake, akaniambia nimezidi urefu na sijazidi nyama, akanituma jikoni nikuombe chai. Nilikukuta nyuma ya mlango wa friji unakula ndimu kwa chumvi, macho umeyafumba. Uliponiona ulinivuta ndani ukafunga mlango. Uliuchukua mkono wangu ukauweka chini ya kitovu chako, nikaelewa.

Mimba changa haisemwi. Ndivyo tulivyolelewa, na Bibi alizoea kutuambia hata ukuta usiambiwe mpaka tumbo liseme lenyewe. Uliniambia anajua Ziyad na sasa najua mimi, na zaidi ya hapo ni Mungu. Ukasema kwa Ziyad bado una wasiwasi, lakini kwangu ni kama umeitia siri kisimani. Ukanikumbusha ile mimba ya kiangazi kilichopita. Joto lilikuwa kali, kiyoyozi cha chumbani kibovu, na chakula kilikuwa hakipiti kooni. Ziyad hakuweza kujizuia, akamwambia mama yake, naye akawaambia dada zake wa Maskati na Dubai. Zikaja pongezi, halafu wiki chache baadaye zikaja pole. Uliniambia zile pole zilikuchoma kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu ilikubidi umfariji kila aliyepiga simu. Daktari alikwambia mara nyingi sababu haijulikani. Lakini Bi Thuwaiba alisema ni mtungi wa gesi ulioubeba, wewe ukasema ni macho ya watu, na Ziyad akasema ni yeye na mdomo wake.

Baada ya chai ulinitaka nikusomee hotuba yangu pale pale jikoni, huku unaosha mchele. Wewe ndiye uliyeniuliza maswali ya maana. Uliniuliza kama mama nyangumi asiyezaa mwaka huo wenziwe humnunia. Nikakujibu kwamba hakuna utafiti niliousoma kuhusu hilo. Ukatikisa mchele, ukacheka mpaka ukashika meza, ukasema, "Afadhali nyangumi, hana mama mkwe." Tulicheka wote wawili kwa sauti ya chini, na Bi Thuwaiba akauliza kutoka sebuleni kama tunapika au tunacheza.

Asubuhi yake ulisema jino linakuuma, ukabaki nyumbani, na Bi Thuwaiba akajitolea kunisindikiza ili nisionekane kama mtoto asiye na watu. Alivaa abaya yake ya sikukuu. Njiani kwenye teksi alinisomea dua, akanipa punje ya karafuu niitie mdomoni sauti isinikauke. Nataka ulijue hilo.

Niliporudi mchana na ngao ya nafasi ya pili ulinikumbatia mpaka miwani ikanipinda. Nilikwambia jaji aliniuliza swali gumu nikalijibu. Hukuniuliza nililijibu vipi. Ulisema, bubu wetu kasema leo, ukampigia Mama simu ukamrudishia maneno hayo hayo. Siku ya pili nikarudi Jidda na wenzangu.

Baada ya hapo yaliyotokea unayajua kuliko mimi. Bi Thuwaiba alikujia chumbani na kikombe cheupe cha kombe, aya ameziandika kwa mkono wake kwa zafarani na kuziosha kwa marashi, akakwambia unywe kwa bismillahi na mtungi wa gesi usiuguse tena. Wewe hukumuuliza yeye amejuaje. Ulikwenda moja kwa moja kwa Ziyad. Uliniambia kwenye simu, unalia, kwamba alikana mara ya kwanza, kisha ulipombana akanyamaza, na mtu asiye na kosa hanyamazi. Uliniambia mara ya kwanza ulimsamehe kwa sababu alikuwa mjinga, na mara hii si mjinga, amekudharau. Nami nilishika simu nikasema ee, Da Mize. Ee, Da Mize. Ulinishukuru kwa kukusikiliza.

Dada yangu, si Ziyad. Ni mimi.

Hotuba yangu niliisoma yote bila kukosea, karatasi zangu nikazisogeza, watu wakatikisa vichwa. Halafu jaji mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniambia mistari yangu ni mizuri lakini anataka nimweleze ina maana gani kwa mama mmoja tu, kwa mfano ambao hata mama yake mzee angeuelewa. Swali lenyewe halikuwa gumu. Lakini nilizipanga upya karatasi zangu, nikazipanga tena. Niliona wasichana wa safu ya mbele wanatazamana, na Abla Hana ameshika kidevu. Nilitafuta kichwani nyangumi yeyote wa kumtaja, nisimpate. Nilichokipata ni wewe na ndimu yako.

Nilitazama kiti cha Bi Thuwaiba, kimekaliwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimemwona akitoka kwenda kusali Adhuhuri. Ukumbi mzima hakuna aliyekujua. Basi nikasema, kwa Kiarabu kizuri kuliko chote nilichowahi kusema maishani, "Nina dada yangu katika mji huu huu. Kiangazi kilichopita alishindwa kula kwa joto, na mimba yake ikatoka, na kila mtu akalaumu kitu kilichokuwa karibu naye. Sasa Mungu amempa nyingine, na anakula kwa siri nyuma ya mlango wa friji ili mtu asijue." Jaji alivua miwani. Nami kwa sababu walikuwa wananisikiliza, wote, mimi ambaye nyumbani nikiomba chumvi hakuna anayesikia, niliendelea. Nilisema dada yangu mwenyewe anawaonea wivu nyangumi, anasema afadhali wao hawana mama mkwe.

Walicheka sana. Walipiga makofi. Na mimi nilifurahi, Da Mize. Sitaki kukudanganya kwamba yalinitoka kwa bahati mbaya. Neno la kwanza labda. La kichekesho nililitafuta, nikalipanga, nikangoja kidogo kabla ya kulitamka ili lishike.

Makofi yalipopungua nikamwona Bi Thuwaiba. Alikuwa amesharudi kutoka kwenye sala na amesimama mlangoni, mkoba mkononi, kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa. Sijui alifika katika neno lipi, lakini la mwisho alilisikia, maana alikuwa akinitazama usoni na watu wote waliomzunguka wanacheka. Akapiga makofi na yeye. Alipiga polepole, kama mtu anayepangusa unga mikononi.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ile ile. Tulirudi kwa teksi. Alimsimamisha dereva kwenye duka la matunda akanunua makomamanga, akayachagua moja moja akiyagonga kwa kidole, na mimi nikajilazimisha kuamini ameyanunua kwa ajili ya ngao yangu. Jioni nilipomwona anakumenyea na kukuwekea punje kwenye kibakuli, niliingia chooni nikafungulia maji.

Kuna na jengine ambalo ni la kisayansi, nalo pia linaniuma. Pale jukwaani nilisema mimba yako ilitoka kwa sababu ya joto na kukosa kula, kama vile nina hakika. Sikuwa na hakika. Daktari wako mwenyewe hakusema hivyo. Wewe si mstari kwenye karatasi, na mimi nilikusogeza ili ulingane.

Nimebakisha lililo zito zaidi.

Ijumaa iliyopita, watu wametoka msikitini, Ziyad alinipigia simu. Mama yake alimweleza alikolipata jambo hilo. Nilingoja anitukane. Badala yake aliniuliza habari za masomo, halafu akasema maneno ambayo nimeyakariri bila kutaka. Alisema, "Shemeji, mimi akinikasirikia atapoa, nimeshazoea, na mara ya kwanza kweli nilikosa. Lakini wewe akikutoa moyoni hana dada mwingine. Halas, basi, liache kwangu." Alinieleza kwamba amemwomba na mama yake anyamaze, na Bi Thuwaiba amekubali, ingawa alisema kumbebea mtoto kosa lake ni kumlemaza.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ahsante. Nilikata simu, nikaenda kula wali, na nilikula sahani mbili.

Nilifikiri utanuna siku chache na kupoa, kama alivyosema. Kisha ukapiga simu ukasema unakuja Jidda na hujui utarudi lini. Nilimwandikia Ziyad ujumbe. Akanijibu nisiseme kitu, utarudi tu. Lakini niliiona sauti yake imebadilika hata katika maandishi. Yeye hakuhesabu kwamba utaondoka, na mimi nilihesabu kwamba yeye ataendelea kunibebea. Tangu hapo kila Mama akimtukana nakaa naye chumba kimoja nasuka nywele zangu.

Sasa tazama tulivyofanya. Ulitokewa na kikombe cha kombe, ukamlaumu aliye karibu nacho. Ungeisogeza karatasi nyuma kidogo tu ungenikuta mimi, nimesimama kwenye jukwaa na kipaza sauti. Na kombe lile, kama naruhusiwa kulisemea, sidhani lilikuwa la kukupeleleza wala kukutangaza. Ziyad anasema safari hii mama yake hajamwambia dada yake hata mmoja. Nafikiri alisikia ukumbi mzima wa wageni ukicheka kwamba nyangumi ana bahati kwa kumkosa mtu kama yeye, akarudi nyumbani, na hakujua kuomba radhi kwa njia nyingine. Aliandika aya. Aliposema mtungi wa gesi usiuguse, pengine alikuwa anasema tena lile la mwaka jana, kwa namna ya kulifuta. Huenda nakosea. Nimeshasema mara moja jambo ambalo sikuwa na hakika nalo.

Sikuandiki ili unihurumie kwa umri wangu, wala kwa ububu wangu. Ububu huo ndio nilioutumia. Kila mtu ananiamini siri kwa sababu sisemi, na mimi nikajidhania mwaminifu, kumbe nilikuwa sijawahi kupewa wasikilizaji.

Ziyad hajui kwamba nakuandikia, na pengine atanikasirikia kwa kuivunja stara aliyoniwekea. Mama naye hajui, lakini atajua. Gari ya Abdalla ikishaondoka hapa Ruwais kwenda kupakia mizigo yake mtaani Kandara, nitakwenda jikoni nimwambie yote kabla ya adhana ya Magharibi, ili asiendelee kumsema mtu asiyekuwemo. Nimeshaweka nadhiri hiyo, na nimeiandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Bi Thuwaiba nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, ukiniruhusu kupiga simu ya nyumba yenu. Ngao nimeitoa ukutani. Abla Hana aliniuliza kwa nini sitaki kupigwa picha nayo, nikamwambia picha hazinipendi.

Ukitaka kuja Jidda kupumzika, njoo. Mapazia ni masafi na mito ipo garini. Ila uje kwa kuwa umechoka, au kwa kuwa umenikasirikia unataka kunitazama machoni, si kwa kumkimbia Ziyad. Ukiona unabaki, mwambie Abdalla shukurani, na mito ubaki nayo.

Ndani ya hotipoti mna mkate wa kumimina wa Mama, umejaa iliki kama upendavyo. Kichupa kilichofungwa kwenye mfuko ni achari ya ndimu. Hiyo nimeitia mimi, na chumvi nimezidisha kwa makusudi. Kwetu chombo cha jirani au cha ndugu hakirudishwi kitupu, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, uliponirudisha kwa mama wa ghorofa ya chini na sahani yenye tende tatu, nikilia kwamba tatu ni chache. Safari hii nakuomba usifuate desturi. Abdalla atakaporudi na hotipoti nitalifungua mwenyewe. Kama moyo wako kwangu hauna kitu, lirudishe kitupu, nitaelewa wala sitamwambia Mama maana yake. Usitie kitu kwa adabu. Nitajua.

Nisalimie Ziyad, na kama unaweza, mpe mkono kabla ya kunijibu mimi. Nisalimie Bi Thuwaiba, umbusie mkono wake kwa niaba yangu ikiwa atakubali. Baba anasema kiyoyozi cha chumbani kwako kitazamwe kabla ya kiangazi kuingia, maana mafundi huadimika. Na yule tusiyemtaja, simtaji.

Mungu akuhifadhi pamoja na ulichonacho.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Wafaa